Tisa Hadi Moja: Duma, Makindye na Kelele Iliyovuka Mpaka

Wapo watu ambao wakisikia gitaa likikoroma huzima redio na kumpigia simu mchungaji. Hao nawaomba wakae kitako, kwa sababu leo tunahesabu kurudi nyuma, tisa hadi moja. Tunatafuta kilichowafanya vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waunde kundi la Duma mwaka 2019, wajifungie Kampala miezi mitatu katikati ya mwaka huohuo, kisha Agosti 2020 watoe albamu iliyowafanya wasikilizaji wa Berlin, London na Tokyo waulize Kampala iko wapi. Muziki wao umezaliwa na thrashi na graindikoa, matawi ya metali yenye mbio na ukali, umenyweshwa kelele za kompyuta, na umekomaa katika vilima vya Makindye. Kwa hukumu yangu, roki iliyorekodiwa Afrika Mashariki karne hii haina kitu kinachoifikia albamu hiyo. Anayebisha aje na yake, na spika aje nazo mwenyewe.

9. Jirani wa Makindye hashtuki

Tuanze na mahali penyewe. Makindye ni mojawapo ya divisheni tano za Kampala, na ndani yake kuna kila aina ya mlio. Katwe mafundi wanagonga vyuma kutwa: mageti, vitanda, majiko, mashine za kukoboa mahindi. Kabalagala baa zinakesha. Ijumaa usiku makanisa yanakesha pia, na mapepo hayafukuzwi kwa kunong'ona. Barabara ya Ggaba ina bodaboda zake, na kila mwenye boda anaamini honi ni sehemu ya injini. Serikali ya Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2003, nami nazipongeza kwa uvumilivu.

Bendi ya metali inahitaji jirani kabla ya kuhitaji shabiki. Kwingineko duniani, kundi la namna hii hufukuzwa gereji kwa gereji. Makindye mtu akinguruma saa nane usiku, nyumba ya pili wanaitikia amina.

8. Spidi tulikuwa nayo siku zote

Hapa ndipo ninapotaka kugombana na Mswahili mwenzangu, kwa mapenzi kabisa.

Thrashi ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa California walipochukua magitaa mazito ya Uingereza na kuyakimbiza kwa hasira ya panki. Metallica walitoa Kill 'Em All mwaka 1983. Slayer wakaja na Reign in Blood mwaka 1986, albamu nzima inayomalizika kabla ya nusu saa kwisha, mapigo yakizidi mia mbili kwa dakika. Dunia ikashika kichwa: hawa watoto wanakimbilia wapi?

Sasa twende Dar es Salaam. Mburahati, kwenye studio ya Sisso, vijana wamekuwa wakipika singeli kwa mapigo mia mbili na zaidi, na kina mama wanaicheza kwenye vigodoro wakiwa wamefunga kanga. Hakuna aliyemwita mchungaji. Twende Gulu: Otim Alpha alichukua larakaraka, ngoma ya harusi ya Waacholi, akaiingiza kwenye kompyuta na kuiongezea mwendo hadi miguu haionekani. Twende Mbale wakati wa imbalu, sherehe za tohara: ngoma ya kadodi inapigwa tangu asubuhi na vijana wanakimbia nayo kilomita kwa kilomita wakiwa hawajanywa chai.

Kwa hiyo, shemeji, ukiniambia Duma wanapiga mbio mno, nitakuuliza ulikuwa wapi kwenye harusi ya binamu yako. Sikio letu lilishazoea. Kilichokuwa kigeni ni gitaa lenye kutu tu, na gitaa halijawahi kumuuma mtu.

Lebo iliyotoa Duma, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndiyo iliyotoa pia Sounds of Sisso na Gulu City Anthems ya Otim Alpha, zote mwaka 2017. Waliopanga vitu hivyo kwenye rafu moja walikuwa na masikio mazuri. Mtu aliyekuja kusaka singeli akakutana na Duma, akakaa.

7. Mpiga ngoma hayupo, wala hakuna anayemuulizia

Bendi ya thrashi ya kawaida ina watu wanne au watano, na aliye ghali kuliko wote ni yule wa nyuma. Seti ya ngoma, matoazi, pedali mbili za besi, chumba cha kuzificha, gari la kuzibeba. Halafu umlipe na supu, kwa sababu ameunguza kalori nyingi kuliko wabeba mizigo wa soko la Owino.

Duma walikuwa wawili. Karugu, aliyewahi kupiga gitaa la besi, aliliacha akashika gitaa la kawaida na uzalishaji. Ngoma akazipanga kwenye kompyuta. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea. Mpiga ngoma wa damu na nyama ana mikono miwili na pumzi yenye mwisho. Programu haina. Karugu alizipeleka ngoma mahali ambapo mkono wa mtu ungeteguka: zinamiminika, zinakatika ghafla, zinarudi zimepinda, kisha zinageuka ukuta wa mlio ambao huwezi tena kuhesabu mapigo yake. Wapenzi wa thrashi ya jadi walinung'unika kwamba hiyo si bendi. Nawaheshimu wazee wetu, lakini wasikilize "Lionsblood" mara mbili, kisha tuonane.

6. Kitambulisho cha taifa

Fupi, ila ni muhimu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda akiwa na kitambulisho chake cha taifa tu. Unapanda basi Nairobi jioni, unavuka Busia au Malaba, unakula rolex, ile chapati ya mayai, ukiwa Kampala asubuhi. Hakuna barua ya mwaliko wala taarifa ya benki ya miezi sita.

Walinganishe na Nihiloxica, kundi la hapohapo Kampala linalochanganya ngoma za Buganda na mitambo, lenye wanachama Waganda na Waingereza. Albamu yao ya 2023, Source of Denial, imejengwa juu ya hasira dhidi ya mifumo ya viza inayowakatalia wasanii safari. Hasira hiyo iliwasogeza karibu kabisa na metali, na mimi nasema asante kwa muziki na laana kwa fomu. Duma walizaliwa kwa sababu mpaka mmoja, angalau mmoja, ulikuwa umelainika. Wanaokaa Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki wakitafuta mfano wa faida za mtangamano, wauchukue huu, ni wa bure.

5. Shetani hakualikwa

Duma kwa Kikuyu ni giza. Albamu ina wimbo unaoitwa "Pembe 666". Najua, najua. Mama mmoja huko Kibuye ameshaweka mkono kifuani.

Mama, keti. Metali imekuwa ikicheza na picha za kuzimu tangu Black Sabbath walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, na kinachotafutwa humo ni njia ya kutaja woga kwa sauti kubwa kuliko woga wenyewe. Kijana aliyekulia mjini bila ajira, akiona wenzake wanapotea, ana giza la kutosha la kuimbia bila msaada wa pepo yeyote.

Lakini hofu hii ina gharama, na Kampala inaijua. Septemba 2018 Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kupiga marufuku tamasha la Nyege Nyege, ambalo watu walewale wa lebo walikuwa wamelianzisha Jinja mwaka 2015. Watu wakapiga makelele, na siku chache baadaye serikali ikalegeza kamba. Mwaka 2022 wabunge nao wakajaribu, na tamasha likafanyika vilevile, Itanda. Nimeona jambo moja katika visa hivi vyote: anayetaka kufunga muziki hajakaa nao hata dakika kumi. Dakika kumi tu! Mahubiri yenyewe huwa marefu zaidi.

4. Mwaka ambao baa zilifungwa

Sasa hebu tazama kalenda ya wanamuziki hawa na uwahurumie. Tangu Julai 2018 Uganda ilikuwa ikitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu anayetaka kutumia mitandao ya kijamii. Kwa bendi ya chinichini, ambayo jukwaa lake la kwanza ni simu ya shabiki, hiyo ni kodi ya mlangoni inayolipwa kila asubuhi. Ilidumu hadi katikati ya 2021, ikapokewa na tozo ya asilimia 12 kwenye data. Machi 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ukafungwa kwa sababu ya korona, na ulikuwa bado umefungwa albamu ilipotoka Agosti. Januari 2021, uchaguzi ulipofika, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Baa na kumbi za starehe za Uganda hazikuruhusiwa kufunguliwa rasmi hadi Januari 2022.

Yaani bendi inapanda, na nyumbani hakuna pa kupandia! Albamu ikasikilizwa na watu waliofungiwa ndani Ulaya na Marekani, wamevaa vipokea sauti masikioni, huku mtaa iliporekodiwa ukiwa kimya kwa amri ya kutotoka nje. Nadhani ndiyo maana ilishika vile. Dunia nzima ilikuwa imejifungia, ikiwa na hofu na hasira isiyo na pa kwenda, na hawa wawili tayari walikuwa wameirekodi sauti hiyo mwaka mmoja kabla. Sub Pop, lebo ya Seattle iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikawaita watoe santuri ndogo. Kutoka vilima vya Makindye hadi Seattle bila kupita Entebbe: hiyo njia haimo kwenye ramani ya shirika lolote la ndege.

3. Waliotangulia kuvunja shingo

Hakuna anayeota jangwani peke yake. Khanja na Karugu walitoka katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, na bendi hizo zilitoka katika Nairobi yenye watu wa metali wa kweli. Miaka ya 2000 na 2010 jiji lile lilikuwa na Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy, Absence of Light, Irony Destroyed na wengine. Lilikuwa na X FM, stesheni iliyopiga roki mchana kweupe, hadi madereva wa teksi wakawa wanatikisa kichwa kwenye foleni ya Uhuru Highway. Walikopeshana gitaa. Walikopeshana mpiga ngoma. Walikodi baa siku ambayo mwenye baa hakutarajia wateja, wakamjazia, na mwezi uliofuata akasahau majina yao. Hivyo ndivyo muziki huu unavyoishi kila mahali ulipo. Wabotswana wa Overthrust walianza hivyohivyo, na mwaka 2016 wakasimama Wacken, Ujerumani, kwenye tamasha ambalo kila mpiga metali duniani analiota.

Na Kampala je? Watu hudhani Kampala haikuwa na metali hadi Wakenya walipokuja na begi. Hapana! Vale of Amonition walikuwepo tangu 2009, kundi la Waganda likiongozwa na sauti ya Victor Rosewrath, wakipiga doom, tawi la metali linalokwenda polepole kama foleni ya mzunguko wa Kibuye saa kumi na mbili jioni. Miaka kumi kabla ya Duma! Katika mji usio na duka la pedali, usio na ukumbi wa kuwapokea, usio na redio ya kuwapiga, walitoa muziki na kuusambaza wenyewe hadi wakosoaji wa nje wakaandika juu yao. Ukiniuliza nani anadaiwa heshima Kampala na hajalipwa, jibu langu halichukui sekunde. Walilima shamba lenye mawe, na anayevuna leo hana budi kuwataja.

Nataka pia kusema neno kuhusu wanawake katika ukumbi wa metali wa Nairobi, waliosimama mbele, nywele zikiruka, wakati ndugu zao walikuwa wanajadili nyumbani dada yao amepatwa na nini. Hakupatwa na kitu. Alipata bendi.

2. Koo, na bibi aliyesimama nyuma yake

Khanja jukwaani anaitwa Lord Spikeheart. Watu hudhani anapiga kelele tu, na kwamba asubuhi hana sauti. Wanakosea. Kunguruma kwa metali ni ufundi: nyuzi halisi za sauti hupumzishwa kadiri iwezekanavyo, na kazi hupewa mikunjo iliyo juu yake, huku pumzi ikisukumwa kutoka tumboni. Asiyejua hujiumiza ndani ya nyimbo mbili. Anayejua anaweza kupanda, kushuka, kulia, kubweka na kunong'ona ndani ya mstari mmoja, na kesho yake akasalimia watu vizuri. Khanja anajua. Kwenye albamu ya Duma sauti yake inafanya kazi ambayo bendi nyingine humpa mpiga gitaa la kuongoza: ndiyo inayokushika mkono na kukuongoza gizani.

Halafu kuna suala la damu. Khanja hujitambulisha kuwa kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Huyu bibi aliingia msituni kupigana na Waingereza, na hakutoka hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Nywele zake za msituni alikaa nazo karibu miaka sitini mingine, akisubiri kuona matunda ya uhuru aliyoahidiwa, na zilikatwa Aprili 2022 tu, na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Aprili 2024 Spikeheart alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, akaitoa kwa heshima ya bibi huyo. Humo amewaalika watu kama Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada, ambaye naye hajui kuimba kwa upole, na tunamshukuru.

Sasa mtu aje aniambie metali ni kitu cha Wazungu. Mwanamke aliishi msituni, akalala kwenye baridi ya Aberdare, nywele zimefika mgongoni, bunduki mkononi, jina lake likitisha dola nzima. Kila bendi ya Norway iliyowahi kupiga picha msituni usiku ilikuwa inamwigiza bila kumjua.

1. Nyumba yenye muda

Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Studio nyingi za Kampala, Nairobi na Dar zinauzwa kwa saa. Unaingia na pesa ya saa mbili, mtayarishaji anatazama saa, anakuwekea mdundo uliomfaa mteja wa jana, unaimba, unatoka. Mfumo huo umetupa nyimbo nyingi nzuri za redio na sidharau riziki ya mtu. Lakini hauwezi kuzaa Duma. Anayelipa kwa saa hathubutu kukosea, na muziki wa namna hii hupatikana kwa kukosea hadi kosa lenyewe lianze kuvutia.

Nyege Nyege waliendesha mambo kwa njia nyingine. Waanzilishi wake, Arlen Dilsizian na Derek Debru, walianza na tafrija za muziki Kampala, kisha lebo ikaja mwaka 2016, pamoja na nyumba upande wa barabara ya Ggaba, ndani ya Makindye, ambamo msanii anakuja, analala, anakula na kurekodi. Chumba kimoja singeli, kingine wapiga ngoma wa Buganda, sebuleni mtu wa Kongo na mashine yake, na Wakenya wawili wanapima gitaa linaweza kulia kiasi gani kabla halijaomba msamaha. Miezi mitatu! Hebu fikiria bendi yako ya mtaani ikipewa miezi mitatu bila mwenye saa mlangoni. Wimbo mmoja wa albamu ile unaitwa "Uganda with Sam", na jina lake peke yake linasimulia kipindi hicho kuliko makala yoyote.

Yapo maswali ya haki kuhusu nyumba ile. Waanzilishi wanatoka Ulaya, wanunuzi wengi wako Ulaya, na ni halali kuuliza nani anabaki na nini vumbi likitua. Mimi nayauliza bila kumchukia mtu. Lakini sikubali jibu la kwamba basi nyumba isingekuwepo. Jibu langu ni kwamba ziwe nyingi, na wenye funguo wawe wengi.

Na jambo hilo limeanza. Wale wawili baadaye walishika kila mmoja njia yake, na Spikeheart alipotoa The Adept hakuipeleka kwa lebo ya mtu. Alianzisha yake, HAEKALU, akiwa na nia ya kuinua muziki mkali wa Waafrika. Aliyepewa chumba sasa anajenga nyumba.

Ninachotaka kuona ni nyumba nyingine ya namna hiyo hapohapo Makindye, ila ya Mganda: vyumba vinne, jenereta, seti moja ya ngoma kwa wale wazee wasiotaka kompyuta, sufuria kubwa ya matoke, na kijana wa Katwe mwenye gitaa la kuazima anayeambiwa na mwenye nyumba kwamba hakuna haraka. Majirani tayari wapo.